Walimswalia Akiwa Hai

Walimswalia Olal siku ya Ijumaa. Safu tano za wanaume zilisimama nyuma ya Maalim Maftah, na mbele yao hapakuwa na jeneza, palikuwa na sakafu tu. Takbiri nne, salamu, kisha watu wakatoka kutafuta viatu vyao, na mtaa wa Kisenyi, Kampala, ukarudi kwenye shughuli zake. Gereji zikaanza tena kugonga vyuma, makuli wakaita watu wawapishe. Ilikuwa swala ya ghaibu, anayoswaliwa maiti aliye mbali, na ni halali, hakuna anayebisha. Kasoro ilikuwa kwenye haraka yake.

Habari yenyewe ilifika saa mbili asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Olal haikumpigia mkewe simu, ilimpigia Maalim Maftah, ami wa mkewe, kwa kuwa kwenye fomu ya kazi Olal alimwandika yeye kuwa mkubwa wa familia. Wakamwambia kwamba huko Somalia wanamgambo wameushambulia msafara wa wanajeshi. Askari kumi na mmoja wamekufa. Wahandisi wawili wa Kizungu waliokuwa wakitengeneza barabara wametekwa, na mlinzi wao, yaani Olal, sajenti mstaafu, ameungulia ndani ya gari. Mwili hautapatikana, poleni sana. Maalim hakuuliza ni nani aliyeona. Saa nne alikuwa ameshika kipaza sauti cha msikiti.

Shamsia, mke wa Olal, alilisikia jina la mumewe likitoka kwenye spika akiwa kwenye kibanda chake katika soko la Owino, ameshika suruali ya mtoto akimwonyesha mteja. Kwanza alidhani ni Olal mwingine. Kisha ami yake akataja Idris, jina alilompa Olal yeye mwenyewe siku alipomsilimisha, akataja na jina la mke. Mteja hakuelewa kitu. Aliivuta ile suruali akauliza bei ya mwisho ni ngapi. Hivyo ndivyo mwanamke alivyopewa habari ya kifo cha mumewe, kwa kipaza sauti, pamoja na mtaa mzima. Baadaye ami yake alijitetea kwamba maiti hangojewi. Maiti gani?

Siku ya tatu ya matanga kampuni ilikuja. Magari mawili meupe yaliziba njia, yakashushwa magunia mawili ya mchele na moja la sukari, na mpiga picha akawapiga picha wanaume waliokaa kwenye majamvi, wanawake waliokuwa wakipika, na Shamsia aliyefunikwa shuka nyeupe. Mkuu wa msafara alikuwa Madamu Monique wa ofisi ya wafanyakazi, Mkongomani aliyekulia Kampala. Alimpa Shamsia pole kwa mikono miwili na bahasha ya rambirambi, halafu akamvuta Maalim pembeni. Alihitaji barua fupi kwa ajili ya faili, kwamba familia imeupokea msiba na imefanya ibada ya mazishi. Maalim akaiandika palepale, kurasa mbili, aya ya Kiarabu juu, akaigonga muhuri wa msikiti mara mbili ili usififie. Haki isemwe, hakutia senti mfukoni mwake. Lakini haikupita wiki mbili msikiti ukapata tangi jipya la maji ya kutawadhia, na jina la kampuni limeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo hata asiyejua kusoma aliziona.

Mtu mmoja tu hakuula ule mchele. Ayaa, mama yake Olal, alifika kwa basi kutoka Gulu akakuta watu wanamsomea mwanawe hitima. Yeye ni Mkatoliki, hakutaka kuingilia dini ya watu. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, miguu ameinyoosha, na Shamsia alipomletea sahani akaisukuma. Kiswahili chake alikiokota kwenye makambi ya jeshi, alikoishi na mumewe kabla hajafiwa naye.

“Min Iman,” akasema, kwa sababu Waacholi humwita mama kwa jina la mwanawe, na binti wa Shamsia anaitwa Iman. “Nani aliona Olal nakufa?”

“Kampuni wamesema, mama.”

“Kampuni aliona na macho gani? Ndugu yake mukubwa, waasi walichukua yeye shuleni, wakati ya vita. Watu wakasema amekufa. Tulilia, tulichinja mbuzi, tuligawa nguo yake yote. Baada ya miaka saba akarudi, akakuta binamu yake navaa shati yake. Hakuongea na mimi mwaka muzima.” Akaisukuma sahani mbali zaidi. “Mimi nilijifunza. Mutu wa kuchukuliwa, sisi hatulii yeye mpaka tuone.”

Shamsia alimwonea huruma. Alidhani ni uchungu wa mzazi unaotafuta pa kushika. Jambo hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko mengi, kwamba siku ile alimwonea huruma mtu pekee nyumbani mle aliyekuwa na akili timamu.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Maalim alimtajia masharti yake polepole, kidole kimoja kwa kimoja: asitoke bila dharura, asijipambe, asijitie manukato, avae nyeupe. Kibanda cha Owino kikawa kinafunguliwa Jumamosi tu, Iman asipokwenda shule, na Iman ana miaka kumi na mitano na uso wa upole, kwa hiyo wateja walimpunja wakamwita dada mzuri. Shamsia alikaa ndani akihesabu siku. Hakuwa mtu wa kubishana na sheria ya Mungu, na alimheshimu ami yake, aliyemlea tangu babake alipofariki.

Wiki ya pili akaja mtu wa kampuni na fomu, kudai vifaa ambavyo marehemu aliviacha nyumbani alipokuwa likizo. Buti jozi moja, koti la mvua moja, mkanda mmoja. Buti na koti vilikuwepo. Mkanda haukuonekana, na wakapekua kabati la nguo za Olal mbele ya mgeni, mpaka nguo za ndani. Yule mtu akaandika kwamba thamani ya mkanda itakatwa kwenye mshahara wa mwisho, na mshahara wenyewe ulikuwa wa siku tisa, kwa kuwa shambulio lilitokea tarehe tisa.

“Hiyo siku ya tisa mmeihesabu nzima,” Iman akauliza, “au mpaka saa aliyoshambuliwa?”

Yule mtu akaitazama fomu yake, akageuza ukurasa, akasema ataulizia ofisini.

Rosalba alikuja wiki ya tatu, Jumatano mchana, jua kali, amebeba mfuko wa machungwa ambao alisahau kuutua. Yeye na Shamsia walijuana kambini zamani, Olal alipokuwa bado jeshini. Mume wake, Koplo Okot, alikuwa kwenye ule msafara. Risasi ilimvunja taya, na sasa alikuwa amelazwa Mulago, meno yamefungwa kwa waya, anakula kwa mrija. Kwa wiki mbili hakuweza hata kushika kitu. Juzi alikuwa ameomba kalamu.

“Nimekuja na miguu yangu kwa sababu hii si neno ya simu,” Rosalba akasema. “Okot ameandika kwamba Sajenti hakuungua. Gari iliungua, ndiyo, lakini walikuwa wameshatoa yeye. Mikono kwenye kichwa, pamoja na wale bazungu wawili. Alipanda lori yao na miguu yake.”

“Una hakika, Rosalba?”

“Nilimuuliza mara tatu. Mara ya tatu alikasirika akavunja kalamu.”

Furaha ilimjia Shamsia kwanza, ikamkalisha chini, na hasira ikaifuata nyuma ikamsimamisha. Wiki tatu! Wiki tatu mumewe yuko mikononi mwa watu wale, na yeye amekaa ndani na shuka nyeupe, kama walivyotaka. Alitazama mlangoni akamwona Ayaa amesimama, amesikia yote. Ayaa hakusema nilikwambia. Alikwenda kutafuta viatu vyake.

Walitoka kesho yake asubuhi, Alhamisi. Jirani yao Nusura, aliyekuwa akifagia mlangoni, alimwona mjane aliye edani akiingia barabarani, akaacha kufagia, akafyonya kwa sauti ya kutosha. Shamsia hakugeuka. Walipanda boda mbili mpaka Kololo, na mlinzi wa geti la kampuni, mtumishi wa watu kama alivyokuwa Olal, akawauliza wana miadi na nani. Wakasema hawana. Akawaweka juani. Baada ya saa moja wakaruhusiwa kuingia, wakapewa vitambulisho vya wageni vya kuning'iniza shingoni na chupa moja ya maji ya kugawana, wakakaa saa mbili nyingine chini ya kiyoyozi kilichomtetemesha Ayaa. Ukutani kulikuwa na picha za wale wahandisi wawili, zimezungushiwa utepe wa manjano, na maneno ya kuwaombea warudi salama. Shamsia alizunguka sebule nzima akitafuta picha ya tatu.

Madamu Monique aliwapokea vizuri. Alifunga mlango, akamwagiza msaidizi wake asimwunganishie simu, akasikiliza habari ya Okot mpaka mwisho bila kumkatiza mtu. Alizungumza Kiswahili kwa ajili ya Ayaa, asiyejua Kiganda.

“Mama, nitawaambia ukweli,” akasema. “Wale watu waliowashika, tangu mwanzo waliomba pesa ya watu watatu.”

Ayaa akanyoosha vidole vitatu, akavitazama.

“Tulifikiri wanadanganya, ili bei ipande. Watu wa bima, ndio wanalipa, wakatuuliza, huyu wa tatu ni hai ama amekufa? Sisi hatukuwa na maiti, hatukuwa na kitu. Tulikuwa na barua ya msikiti. Imamu ameandika, muhuri iko, watu wamefanya ibada. Bima wakasema basi, listi ni ya watu wawili. Na wale wateka nyara tukawajibu hivyo, kwamba huyu kwao ameshazikwa.”

“Mliwaambia hivyo,” Shamsia akasema.

“Hatukuandika sisi, mama. Ni nyinyi ndio mliandika.”

Alikuwa na macho mekundu, huyo Monique, na hakuwa mtu mbaya. Shamsia aliona afadhali angekuwa mbaya. Aliuliza kinachoweza kufanyika. Monique akaeleza kwamba listi inafungwa kesho saa sita mchana, kwa sababu madalali wanasafiri jioni na pesa, na kwamba asiye na jina humo hataulizwa. Maneno ya mgonjwa aliyeandika kwa kalamu kitandani watu wa bima watayakataa. Lakini barua ni barua. Aliyeiandika akiandika nyingine ya kuitengua, kwa muhuri uleule, faili itafunguliwa upya hata kama ni saa tano na nusu.

“Kwa hiyo ni karatasi,” Ayaa akasema. “Kijana yangu iko chini ya karatasi.”

Walimkuta Maalim Maftah chuoni kwake, amemaliza kusomesha, anakusanya vibao vya watoto. Alishtuka kumwona Shamsia nje ya nyumba, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa eda. Shamsia akamweleza yote bila kukaa. Akamweleza kuhusu Okot, kuhusu listi, kuhusu saa sita kesho. Alipomaliza, Maalim alikuwa bado ameshika kibao kimoja.

“Mtu mmoja,” akasema, “amepigwa risasi, amejaa dawa za usingizi. Hiyo si yakini, mwanangu.”

“Na ile simu ya kampuni ilikuwa yakini? Ami, ulinifundisha wewe mwenyewe, humu humu, nina miaka kumi na miwili. Aliyepotea hahukumiwi kufa kwa uvumi. Mke wake humngoja mpaka kadhi apate ushahidi. Ulinichapa kwa sababu nilikosea somo hilo.”

Maalim akaweka kibao chini.

“Hakuna swala ya kutengua swala ya jeneza, Shamsia. Nikasimame niwaambie watu nini? Kwamba imamu wao alimswalia mtu aliye hai kwa maneno ya simu? Na lile tangi nilifanyeje, watu wanatawadhia pale kila siku? Watasema niliuza.”

“Waache waseme. Mume wangu yuko kwa wale watu.”

“Sikatai kuandika. Nasema si jambo la mtu mmoja. Ule muhuri ni wa msikiti. Nitaitisha kamati, tukae, tushauriane. Jumapili baada ya Isha.”

Shamsia alimtazama mtu aliyemlea. Saa nne asubuhi siku ile, ya kumwua Olal, hakuitisha kamati. Alikuwa peke yake na kipaza sauti chake, na sauti ilitoka safi, na magari meupe yalipokuja alitembea mbele ya magari hayo kwa kujinyoosha. Hakuwahi kumpenda Olal alipokuwa hai, askari wa kaskazini mwenye jina lisilo na mzizi Kisenyi. Alimpenda alipokuwa shahidi. Shamsia alimwambia hayo yote, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mama mkwe wake. Aliongeza kwamba kumzika Olal kulimchukua saa mbili, na kumfufua kunahitaji wajumbe tisa. Maalim akasema hasira ni ya shetani, akatawadhe. Wakaondoka.

Ijumaa Shamsia alikwenda Mulago alfajiri, akachukua ukurasa wa Okot wenye saini na namba yake ya jeshi, akaupeleka Kololo. Saa tano na nusu alikuwa amesimama mezani kwa Monique. Monique akaupiga picha akautuma kwa watu wa bima, na wote wawili wakaitazama simu mpaka saa sita ikapita. Jibu lilikuja saa sita na dakika ishirini. Walishukuru kwa taarifa, wakasema itawekwa kwenye kumbukumbu.

Jumapili jioni kamati ilipokuwa ikikutana, wahandisi wawili walishuka kutoka kwenye ndege Entebbe. Shamsia, Iman na Ayaa waliona kwenye televisheni ya Nusura, ambaye safari hii aliwaita mwenyewe na kuwapa viti. Wahandisi walikuwa wamekonda, ndevu zimewafunika, wamevikwa mablanketi. Kulikuwa na maua, kulikuwa na balozi, na waandishi wa habari walikuwa wakisukumana. Mmoja wao alitabasamu akapunga mkono. Mwenzake, mrefu mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja, hakupunga. Alisogea kwenye maikrofoni kabla hajaulizwa, na maneno yake yakatafsiriwa chini ya picha.

Alisema walikuwa watatu. Idris alikuwa akiwapa maji yake siku walipougua kuhara, na alikuwa akiwaombea ruhusa ya kwenda nje kwa sababu alijua maneno machache ya watu wale. Asubuhi walipoitwa watoke, Idris naye alisimama. Wakamwambia akae. “Nataka kujua,” akasema yule mrefu, “kwa nini aliambiwa akae.” Mtu mwenye suti akamshika bega kwa upole, na picha ikahamia kwenye ndege.

Iman alikuwa analia bila kujificha. Ayaa alikuwa amekaza macho kwenye kioo, akingoja warudishe picha.

Shamsia aliinuka akarudi nyumbani, akavua nguo nyeupe, akazikunja, akavaa gauni lake la kwenda sokoni. Hakumwomba mtu ruhusa.

Maalim Maftah alikuja Jumatatu saa tatu asubuhi, amevaa kanzu safi, na bahasha mkononi. Aliona gauni, akavua viatu. Alikaa kwenye mkeka, akatoa barua. Kamati ilikuwa imekubali, wajumbe saba kwa wawili. Akaanza kuwasomea, na alisoma kwa sauti yake ya mimbari, kwa kuwa hakujua kusoma kwa sauti nyingine: kwamba msikiti, baada ya kupata habari za kuaminika, unaiondoa barua yake ya awali, na unamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa lililotendeka kwa nia njema. Alikuwa ametia aya nyingine ya Kiarabu juu, ndefu kuliko ya kwanza. Mihuri ilikuwa miwili, kila ukurasa.

“Nitaipeleka mwenyewe Kololo,” akasema. “Leo hii.”

“Listi ilifungwa Ijumaa, ami.”

“Wataifungua tena. Dunia nzima imemsikia yule Mzungu.”

Labda hakukosea katika hilo.  Simu ya Shamsia ikaita mkekani, namba ndefu ya nje, akaipokea akidhani ni mwandishi wa habari, maana walimpigia tangu usiku.

“Shamsia.”

Alimjua kwa neno hilo moja. Aliita jina la mumewe kwa sauti, na Ayaa aliyekuwa jikoni akatoka mikono inachuruzika maji, na Iman akainuka.

“Usilie, nina dakika mbili,” Olal akasema. Sauti ilikuwa imekauka. “Kuna mtu hapa anasikiliza, anajua Kiswahili. Wanatafuta wa kuzungumza naye. Kampuni imewaambia mimi si mali tena, kwetu nimeshaswaliwa na nimezikwa. Nimewaambia ni uongo wa kampuni, ili wasilipe. Nimewaambia mkubwa wa nyumba yetu ni msomi, hawezi kumswalia mtu bila kuuliza nani aliona.” Akavuta pumzi. “Ni uongo, siyo?”

“Mimi nakungoja,” Shamsia akasema. “Mama yuko hapa, Iman yuko hapa, tunakungoja. Hilo la swala muulize aliyeswalisha.”

Akabonyeza kitufe cha spika, akaiweka simu kwenye mkeka, juu ya barua, mbele ya magoti ya Maalim Maftah.

“Mjibu, ami.”

Maalim aliitazama ile simu. Miaka thelathini alihutubia bila karatasi, na sasa midomo ilicheza na sauti haikutoka. Simu ilikuwa ikiita hallo, hallo, Shamsia. Ayaa akaja akachuchumaa karibu naye, mwanamke wa Kikatoliki na imamu, bega kwa bega.

“Mutoto anauliza wewe,” akasema. “Dakika inaisha.”

“Idris,” Maalim akasema hatimaye. “Mwanangu. Ni kweli. Tulikuswalia.”

 Upande wa pili yule aliyekuwa akisikiliza akacheka, na simu ikakatwa.